Mgeni Apewe Jembe: Saa ya Kiswahili Ndani ya Kompyuta

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kompyuta ilifika Tanzania katikati ya miaka ya 1960, ikapewa kazi ya hesabu za Serikali. Tangu hapo imekula na kulala kwetu kwa zaidi ya nusu karne. Imeingia katika benki, shule, maghala ya korosho na vituo vya afya, na sasa imo mfukoni mwa kila mwenye simu. Hata hivyo, ukiiuliza ni saa ngapi, hukujibu kwa hesabu ya huko ilikotoka. Saa mbili asubuhi kwake ni nane, na saa nane mchana kwake ni mbili. Simu nyingi zilizowekewa lugha ya Kiswahili zimebadilishiwa majina ya siku na ya miezi, lakini saa zimeachwa vilevile.

Jambo hili laweza kuonekana dogo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba si dogo, na kwamba ndani yake mna zoezi zuri kuliko mengi ambayo vijana wetu hupewa wanapojifunza kuandika programu. Tunawaelekea hasa walimu wa somo la kompyuta katika shule na vyuo vya Masasi, Newala na Tandahimba, lakini mzazi asiyewahi kugusa mashine hiyo naye ataweza kufuata.

Tuanze na mfano wa kubuni. Mama wa kijiji kimoja cha uwanda wa juu wa Newala ameteremka na mtoto mwenye malaria hadi hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi. Mtoto anapewa dawa mseto, ile ambayo wengi huiita ALu. Dawa hii ina kanuni yake: dozi ni sita kwa siku tatu, dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa nane, na zinazobaki humezwa asubuhi na jioni. Ikiwa dozi ya kwanza imemezwa saa tisa na nusu alasiri, ya pili humezwa saa tano na nusu usiku. Mtoa dawa akilieleza jambo hilo kwa mdomo, mama huelewa mara moja, maana wote wawili wanahesabu saa kwa namna moja.

Sasa tuseme kazi ya kumkumbusha mama imekabidhiwa mashine, nayo inamtumia ujumbe kwenye simu. Ikiandika 23:30, mama atalazimika kuomba msaada wa kusomewa. Kesho yake ikiandika saa 8:00, ikiwa na maana ya asubuhi, mama atasoma saa nane, yaani mchana. Dozi itakuwa imechelewa saa sita nzima, katika dawa ambayo nafasi kati ya dozi na dozi ni saa kumi na mbili tu. Hapo hakuna aliyefanya uzembe. Mama amesoma barabara, na mashine imehesabu barabara. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama kati yao.

Hesabu yetu ya saa si kosa wala si ushamba. Nchi yetu iko karibu na Ikweta, na hata Masasi, iliyo nyuzi zipatazo 11 kusini, jua halibadilishi sana wakati wake wa kuchomoza na kuzama mwaka mzima. Mchana una saa kama kumi na mbili, na usiku vivyo hivyo. Mtu anayelima huianza siku jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana kukamilika, na saa moja ya jioni ni saa ya kwanza ya usiku kukamilika. Hivyo ndivyo inavyohesabiwa kutoka Lamu hadi Ruvuma, na Waethiopia nao hufanya vivyo hivyo. Kijana anayeandika programu hapaswi kuona haya kwa hesabu hiyo. Anapaswa kuifundisha mashine.

Namna ya kuifundisha imekwisha kupatikana zamani, na historia yake ina jambo la kutufaa. Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule imwandae kijana kuishi na kuitumikia jamii yake. Mwezi wa Mei mwaka huohuo, huko Lysebu karibu na Oslo, wataalamu wawili wa Norway, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walieleza mbele ya wenzao fikra iliyokuja kuwa msingi wa lugha ya kompyuta iitwayo Simula 67. Walikuwa wakitafuta njia ya kuifanya mashine iige mambo ya dunia, kama vile foleni ya magari kwenye kituo cha ushuru wa daraja. Waliona kwamba lori na basi vinatofautiana, lakini vyote viwili vinajua kupanga foleni. Kwa nini basi mwandishi aeleze habari za kupanga foleni mara mbili? Wakaamua kwamba yaliyo ya wote yaandikwe mara moja, kisha lori na basi virithi, na kila kimoja kiongeze yaliyo yake. Kwa kazi hiyo wawili hao walipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2001, na wote wakafariki dunia mwaka 2002.

Mji huohuo wa Oslo una uhusiano na zahanati zetu. Mfumo uitwao DHIS2, ambao hospitali na vituo vya afya vya Tanzania huutumia kupeleka taarifa zao, unaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na umeandikwa kwa njia hiyohiyo ya urithi. Haukuandikwa kwa ajili ya nchi moja. Kila nchi huupokea, kisha huurekebisha ulingane na madaftari yake, na hapa kwetu ulibidi ulingane na madaftari ya MTUHA. Kwa hiyo ujuzi tunaouzungumzia si mchezo wa darasani. Ndio ujuzi unaotakiwa kila mara mfumo wa kigeni unapoletwa kufanya kazi ya wenyeji.

Tueleze sasa maneno yenyewe. Katika uandishi wa programu wa namna hii, klasi ni kama kalibu ya matofali. Kalibu si tofali, ila kila tofali hutoka humo likiwa na umbo lilelile. Vitu vinavyotoka katika klasi hubeba taarifa, na hujua kufanya vitendo fulani. Klasi ya wakati, kwa mfano, hutoa vitu ambavyo kila kimoja kinabeba saa na dakika, na kinajua kujilinganisha na kingine, kuongezewa muda, na kujitaja kinapoulizwa.

Kurekebisha klasi ni kazi inayofanana na ya fundi cherehani. Mtu hununua shati la mtumba likamzidi mikono, akalipeleka kwa fundi. Fundi hodari hafumui shati zima na kulishona upya. Huacha kola, huacha vifungo na mfuko, akafupisha mikono tu. Mwandishi wa programu naye hutunga klasi mpya inayorithi ile ya zamani, akaandika upya kitendo kimoja au viwili visivyomfaa, na mengine yote akayaacha kama alivyoyakuta. Kujua la kuacha ni nusu ya ujuzi wenyewe.

Vitabu vingi hulifundisha jambo hili kwa mifano ya mbwa na paka, ya maumbo ya duara na mraba, au ya akaunti za benki. Mwanafunzi hufuata maelekezo, mbwa akabweka na paka akalia, na zoezi likapata alama. Lakini kijana huyo hakuona kwa nini urithi ulihitajika. Angeweza kuandika programu mbili tofauti na asipungukiwe na kitu. Pia hakuwa na njia ya kujua kama jibu lake ni sahihi, ila kwa kulilinganisha na jibu la kitabu. Zoezi lisilo na haja halimfundishi mtu kuchagua, na uchaguzi ndio kazi ya fundi.

Zoezi la saa ya Kiswahili linaziba mapengo yote mawili. Haja yake inaonekana kwa kila mtu. Na mkaguzi wa jibu hayuko mbali: mwanafunzi akitoka darasani aweza kumwuliza bibi yake kama kweli watu husema hivyo. Hakuna mwalimu wala kitabu kinachomzidi bibi kwa jambo hilo.

Tunapendekeza zoezi lipangwe kwa hatua tano.

Hatua ya kwanza, mwalimu atoe klasi ya wakati iliyokamilika, inayohesabu kwa saa 24, na akataze isiguswe. Katazo hili ndilo uti wa mgongo wa zoezi. Mwanafunzi akiruhusiwa kuibadilisha klasi mama, ataondoa saa sita kwenye kila tarakimu na kudhani kwamba amemaliza, kumbe ameharibu kumbukumbu za kila mtu mwingine anayeitegemea. Katika hospitali, rekodi ya saa ya kujifungua au ya kupokelewa mgonjwa haina budi kubaki katika hesabu moja isiyo na utata. Kinachobadilika ni namna ya kuitamka.

Hatua ya pili, mwanafunzi atunge klasi iitwayo SaaYetu, irithi ile ya kwanza, na aandike upya kitendo kimoja tu, kile cha kujitaja. Katika lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, kitendo hicho huitwa __str__. Kanuni ni rahisi kuisema: ondoa sita, ukipata pungufu ya sifuri, ongeza kumi na mbili, ukipata zaidi ya kumi na mbili, punguza kumi na mbili, ukipata sifuri, sema kumi na mbili. Wengi watasahau kipengele cha mwisho, na mashine yao itatangaza saa sifuri asubuhi. Waache wacheke, kisha warekebishe.

Baada ya hapo zije dakika, na hapo ndipo Kiswahili kinapowapima. Saa 15:30 ni saa tisa na nusu alasiri, na hilo ni jepesi. Lakini 06:45 si saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Watu husema saa moja kasorobo asubuhi, kwa kuitazama saa inayokuja badala ya iliyopita. Saa 11:45 ni saa sita kasorobo mchana, ingawa adhuhuri haijafika. Hivyo neno la kipindi, yaani asubuhi, mchana, jioni au usiku, hufuata saa inayotajwa, wala si ile iliyomo katika rekodi. Mwanafunzi aliyegundua hilo mwenyewe amejifunza kuichunguza lugha yake kwa makini ambayo huenda hakuwahi kuyatumia darasani.

Hatua ya tatu ihusu kulinganisha na kupanga. Mwalimu aulize: kati ya saa mbili usiku na saa tatu asubuhi ya siku moja, ipi hutangulia? Anayelinganisha tarakimu za Kiswahili atasema ya usiku, kwa kuwa mbili ni ndogo kuliko tatu. Anayepanga maneno kwa alfabeti ataweka saa kumi jioni mbele ya saa mbili asubuhi. Lakini mwanafunzi ambaye hakukigusa kitendo cha kulinganisha, ambacho Python hukiita __lt__, atakuta kwamba klasi yake inapanga sawasawa bila yeye kuandika hata mstari mmoja, kwa sababu kitendo hicho kimerithiwa pamoja na hesabu ya ndani. Hapa ndipo faida ya urithi inapoonekana kwa macho. Ni vema mwalimu asiitaje kabla; aache darasa liikute.

Hatua ya nne ni ya kujumlisha, nayo ina mitego miwili. Wa kwanza uko katika lugha. Kwa Kiswahili saa nane ni wakati wa mchana, na pia ni urefu wa muda. Dozi ya saa nane na dozi ya baada ya saa nane ni mambo mawili. Kwa hiyo panatakiwa klasi mbili, moja ya wakati na nyingine ya muda, na muda haupunguziwi sita. Mtego wa pili uko katika mashine. Mwanafunzi akichukua SaaYetu akaiongezea muda wa saa nane, aangalie alichopata. Huenda jibu likarudi kuwa la klasi mama, na mashine ikaanza tena kusema 23:30. Kasoro hii haikuwa ya wanafunzi peke yao. Katika Python yenyewe, klasi zilizorithi ile ya tarehe na wakati zilikuwa zikipoteza ubinti wao zinapojumlishwa na muda, mpaka toleo la 3.8 la mwaka 2019 lilipolisahihisha jambo hilo. Kijana wa Masasi aliyekwama hapo amekwama mahali walipokwama mabingwa.

Ndani ya hatua hiyohiyo liingizwe suala la usiku wa manane. Dozi ya saa kumi na moja jioni ya Jumatatu ikiongezewa saa nane, inaangukia saa saba usiku. Usiku wa siku gani? Kalenda ya mashine husema ni Jumanne. Mtu akisema usiku wa Jumanne, mwingine ataelewa usiku ulioitangulia Jumanne, na mwingine ataelewa usiku unaoifuata. Lugha yetu ina dawa ya utata huo: usiku wa kuamkia Jumanne. Programu ikiweza kutamka maneno hayo, itakuwa imeondoa shaka ambayo tarakimu peke yake haiwezi kuiondoa kwa msomaji wetu.

Hatua ya tano ni ya mjadala. Je, 19:00 ni saa moja jioni au saa moja usiku? Je, 05:00 ni alfajiri au ni usiku? Darasa halitakubaliana, na si lazima likubaliane, kwa kuwa watu wa mahali mbalimbali na wa umri mbalimbali husema tofauti. Fundi mzuri hatachagua upande mmoja na kuuzika ndani ya kitendo. Ataiweka mipaka ya vipindi mahali pamoja panapoonekana, ili klasi nyingine iweze kuirithi SaaYetu na kuibadilisha mipaka hiyo tu. Hapo mwanafunzi atatambua kwamba yeye naye amekuwa klasi mama, na kwamba kazi yake yapasa iwe rahisi kurekebishwa na atakayekuja baada yake, kama alivyotaka kazi ya wengine iwe rahisi kwake.

Wako watakaopinga. Watasema kwamba vijana wetu watashindana na wa dunia nzima, hivyo wafundishwe mifano ya dunia. Jibu ni kwamba maarifa yaliyomo ni yaleyale: urithi, kuandika upya kitendo, kulinganisha, kujumlisha. Aliyeyapata kupitia saa ya Kiswahili hatashindwa na mbwa na paka. Wengine watasema ni afadhali wananchi wafundishwe kusoma saa 24. Nasi hatukatai, ni elimu njema, na wauguzi wanaihitaji kila siku. Lakini hatuwezi kumwambia mama mwenye mtoto mgonjwa angoje mpaka amalize masomo hayo. Chombo kimewekwa ili kimhudumie yeye.

Tunalo pia funzo la zamani. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya kazi ya hesabu zake iliyokabidhiwa mashine hiyo kuvurugika. Katika miaka hiyo wataalamu wetu walikuwa wachache mno, na mashine isiyo na wenyeji wa kuirekebisha huwa bwana badala ya mtumishi. Marufuku hayo yaliondolewa miaka mingi baadaye, lakini hoja iliyokuwa nyuma yake haijafa. Leo mashine ni tele. Wanaojua kuzitumia wanaongezeka, na wanaojua kuzirekebisha ndio ambao bado tunawahitaji zaidi.

Walimu watasema kompyuta ni chache na umeme hukatika. Zoezi hili lina rehema kwa hilo. Hatua zake tatu za mwanzo zaweza kufanywa kwa chaki na ubao. Wanafunzi wagawiwe vipande vya karatasi vyenye tarakimu 06:00, 06:45, 11:45, 15:30, 18:30, 23:45 na 00:00. Mmoja awe klasi mama, mwingine awe SaaYetu, na wenzao wawaulize. Siku watakayoifikia mashine watakuwa wanajua wanachotaka kuiambia. Vipande hivyohivyo ndivyo vitakavyotumika kuipima programu yao, na asipewe alama yeyote ambaye programu yake haijavipita vyote saba.

Mwisho, kila mwanafunzi apeleke orodha ya majibu ya programu yake nyumbani, awasomee wazee wawili au watatu, na aandike pale walipokunja uso. Orodha hiyo ya makosa irudi darasani Jumatatu, na kazi ianze upya kutoka hapo.